Fahali wa Anyelwisye na Mama wa Mikono Minane

Kwa miaka minne Anyelwisye alimchukia mama mmoja ambaye hakuwahi kukutana naye. Mama mwenyewe alikuwa kwenye picha, ndani ya fremu ya kioo, ukutani mwa ofisi ya Injinia Gundappa katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Kyimo. Alikuwa amevaa sari nyekundu, amepanda simba, na mikono yake ilikuwa minane, kila mmoja na silaha yake. Hayo yote Anyelwisye aliyavumilia. Kila watu na mambo yao. Kilichomshinda kilikuwa chini ya miguu ya yule mama. Pale chini alilala fahali mweusi mwenye pembe pana, na mkuki ulikuwa umemzama shingoni.

Mtu wa Rungwe, ambako ng'ombe huthaminiwa kama ndugu, hawezi kuiona picha ya namna hiyo moyo wake ukabaki vilevile. Kwa hiyo kila alipoingia ofisini kuomba beringi au kusaini karatasi ya grisi, Anyelwisye aliangalia dirisha. Alisaini, akashukuru, akatoka. Hakuna aliyejua kwamba yule fundi mpole alikuwa na ugomvi na picha.

Na mpole alikuwa kweli. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na ishirini na sita kati ya hiyo aliimalizia kwenye mitambo ya chai: zile rola zenye meno zinazokata majani, mikanda inayoyabeba hadi kuchachushwa, na tanuri linaloyakausha. Alizijua mashine kwa sauti. Aliweza kuwa anakunywa uji kantini, akaweka kikombe chini na kusema, "Rola ya tatu inakohoa," na kweli wakifungua wanakuta beringi imeanza kuchoka. Jumapili aliimba besi katika kwaya ya kanisa la Moravian. Mkewe Hellen alizoea kusema kwamba mume wake hana adui, ila nati zilizoshika kutu.

Hellen alisema hivyo mbele ya wageni. Wakiwa wawili tu alijua yupo adui mmoja, na jina lake ni Ackson.

Ackson alikuwa mdogo wake Anyelwisye, tumbo moja. Aliishi Masoko, kwenye boma la baba yao, kwenye migomba na kahawa. Kwa kuwa Anyelwisye alikuwa na kiwanja kidogo tu huku Kyimo, ng'ombe wake alimfuga kule kwa mdogo wake. Alimchukua akiwa ndama, akamlea kwa mabua ya migomba na chumvi ya mkononi, akawa fahali mkubwa mwenye mwendo wa taratibu, anayemkagua kila anayeingia bomani kana kwamba anatafuta kosa. Ndiyo maana alimwita Meneja. Kiwandani walicheka sana siku Anyelwisye aliposema kwenye simu, kwa sauti ya juu, "Mfungeni Meneja kamba, anakula migomba ya watu!" wakati meneja wa kweli anapita mlangoni.

Kisha, mwezi wa nne miaka minne iliyopita, baba yao alifariki. Huo ndio msimu mvua inaponyesha mfululizo na majani ya chai yanafurika kiwandani kuliko mashine zinavyoweza kumeza. Anyelwisye alichelewa. Alipofika Masoko, baba alikuwa ameshazikwa, na kitu cha kwanza alichokiona, kabla hata ya kaburi, kilikuwa ngozi ya Meneja imewambwa kwa vigingi uani, inakauka. Ackson alikuwa amemchinja msibani bila kumuuliza.

Anyelwisye alisimama kaburini, akaomba, akarudi Kyimo. Tangu siku hiyo hakula chakula nyumbani kwa mdogo wake. Akiulizwa, alijibu, "Mimi sina neno."

Sasa ilikuwa mwezi wa kumi, na Tulia anaolewa.

Tulia alikuwa binti wa kwanza wa Ackson, lakini Anyelwisye na Hellen, ambao Mungu aliwapa wavulana watupu, Methusela na wadogo zake, walimlea kama wao. Miaka yote minne ya sekondari alikaa kwao. Anyelwisye ndiye aliyemfundisha hesabu za uwiano kwa kutumia meno ya gia. Sasa alikuwa muuguzi Tukuyu, na mchumba wake, Nelson, alikuwa mwalimu. Jumapili jioni Tulia alikuja Kyimo, akapiga goti kidogo kumsalimu baba mkubwa kama inavyopasa, kisha akakaa kwenye kigoda na kuingia moja kwa moja kwenye neno lake.

"Baba mkubwa, Alhamisi tunakaa Masoko."

"Nimesikia."

"Utakuja?"

"Kazi ni nyingi kiwandani, mwanangu."

"Mwezi wa kumi? Majani yenyewe yako wapi? Hata wachumaji wanarudi mapema."

"Mashine haijui mwezi."

Tulia akamtazama, akatikisa kichwa. "Haya. Wakiniuliza nitasema baba mkubwa wangu ameolewa na rola ya tatu."

Hellen alicheka jikoni. Anyelwisye alicheka pia, lakini Tulia hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, "Sikuombi zawadi. Nakuomba maji tu."

Wote watatu walijua ni maji gani. Katika ukoo wao, kabla binti hajaondoka nyumbani, watu wazima hukaa pamoja, na kila mwenye kitu moyoni hukisema mbele ya wote. Akishasema, hunywa funda la maji na kuyapuliza nje kama umande, kuonyesha kwamba hasira imetoka tumboni. Hasira ya mkubwa isiyosemwa, wazee wa huko wanaamini, humfuata bibi harusi hadi kwake na kuwasumbua watoto wake. Nyumba nyingi siku hizi zimebaki na sala peke yake. Kwa Ackson walifanya yote mawili: sala kwanza, maji baadaye, wakati mchungaji anapokunywa chai sebuleni na kujifanya hasikii.

Hapo ndipo Anyelwisye aliponaswa. Asipokwenda, Tulia ataondoka bila maji ya baba yake mkubwa. Akienda na kusema "sina neno" kama alivyozoea, atakuwa amempulizia mtoto uongo. Hili la pili lilimtisha zaidi. Yeye ni Mkristo wa kuimba besi, lakini hakuwa tayari kuyafanyia majaribio maisha ya Tulia ili aone kama wazee walisema kweli.

Jumanne ya wiki hiyo ilikuwa sikukuu ya zana ya Injinia Gundappa.

Gundappa alitoka kusini mwa India, maeneo ya Mysuru, na alikuwa na miaka kumi na miwili Rungwe. Kiswahili chake alikiokotea kiwandani, kwa hiyo alijua majina ya nati zote kabla hajajua majina ya matunda. Mara moja kila mwaka, majani yakiwa machache, alizima mashine zote. Zilioshwa, zikapakwa grisi, zikapumzishwa. Kisha karakana ilifagiliwa, kitambaa cheupe kikatandikwa mezani, na zana zikapangwa juu yake kwa safu: nyundo, bisibisi, spana, hadi kalamu ya karani wa mizani. Picha ya yule mama ilitolewa ofisini na kuwekwa mbele yake pamoja na maua ya njano na vijiti vya udi. Injinia aliomba kwa lugha yake, akagawa pipi za maziwa alizopika mkewe, na baada ya saa sita kila mtu alikwenda nyumbani. Abeli wa tanuri, ambaye ni mwinjilisti, alikwisha kumwambia waziwazi tangu mwaka wa kwanza, "Injinia, pipi nakula, magoti sipigi," na Injinia alijibu, "Nani amekuomba magoti? Kula pipi."

Miaka iliyopita Anyelwisye alijitafutia kazi nyuma ya jenereta hadi mambo yaishe. Mwaka huu Injinia alimwita kwa jina mbele ya watu.

"Fundi, spana zako. Ile namba ishirini na nne ni mzee kuliko sisi wote hapa."

"Zangu zipumzike kwenye boksi, Injinia."

"Mbona? Hakuna kupiga magoti. Ni kushukuru tu. Mwaka mzima hakuna mtu amekatwa kidole."

"Kushukuru nashukuru." Anyelwisye alisita. Kisha kilichokaa miaka minne kikamponyoka. "Lakini spana zangu haziwezi kulala mbele ya mtu anayechinja ng'ombe."

Rodrick, fundi umeme, kijana asiyejua kuuacha mzaha upite, akasema, "Fundi, jana saa nne si tulikunywa supu ya utumbo mimi na wewe?"

"Ile supu sikulijua jina lake."

Walicheka hadi Abeli akashika meza. Injinia Gundappa naye alicheka, akavua miwani na kuifuta. Alipoirudisha usoni hakuwa anacheka tena. Aliinua fremu kutoka mezani, akampa Anyelwisye mikononi.

"Hebu angalia. Umewahi kuangalia?"

Anyelwisye aliangalia. Na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, alikiri moyoni kwamba hakuwahi. Miaka minne alikuwa akiona pembe tu na kugeuza shingo. Sasa aliona kwamba shingo ya yule fahali imefunguka, na ndani yake anachomoza mtu, hadi kiunoni, mwenye masharubu mazito na macho mekundu, upanga mkononi. Mkuki haukuwa umemchoma ng'ombe. Ulikuwa umeingia kifuani mwa yule mtu.

"Huyu ni nani?"

"Huyo ndiye Mahisha. Jitu. Sisi tunasema asura." Injinia alikaa juu ya kreti, na wengine, ambao walikuwa na pipi midomoni na hawakuwa na haraka, wakasogea. "Alipewa ahadi kwamba hakuna mwanamume atakayemuua, awe mungu au binadamu. Akawafukuza miungu kwao. Mmoja akajaribu, akashindwa. Mwingine, akashindwa. Basi wakakaa pamoja. Kila mmoja akatoa mwanga wake, na mwanga ule ukaungana ukawa mama huyu. Kila mmoja akampa silaha aliyokuwa nayo, ndiyo maana mikono ni mingi. Ni mikono yao wote."

"Halafu akapigana na ng'ombe," alisema Anyelwisye, bado anatetea upande wake.

"Nyati, Fundi, yule wa kwetu wa kulimia matope. Alikuja akiwa nyati. Mama akamtupia kamba. Kamba ilipombana, si nyati tena, ni simba. Akamkata simba, akawa mtu na upanga. Akampiga mtu mishale, akawa tembo. Akamkata tembo mkonga, akarudi nyati. Kila ukimshika hayupo, amehama. Mama akafanya nini? Akamkanyaga akangoja. Mwenyewe alipoanza kutoka ndani ya nyati, nusu yuko ndani, nusu yuko nje, hapo ndipo akamchoma."

"Kwa hiyo nyati hana kosa."

"Kosa gani? Nyati ni koti tu." Gundappa alijigonga kifuani, kwenye shati lenye alama za grisi. "Bibi yangu alitusimulia haya kila mwaka, na kila mwaka alimaliza hivihivi: msitazame juu, vita iko hapa. Ukiwa na hasira na mtu, usipigane na koti. Ngoja uone nani yumo."

Anyelwisye hakuondoa macho kwenye picha. Kisha akauliza swali ambalo mtu wa kwao huliuliza kabla ya mengine yote. "Hao miungu na hao majitu, wana udugu gani?"

"Baba mmoja," alisema Injinia. "Mama mbalimbali, baba mmoja."

"Ndugu?"

"Ndugu kabisa."

Anyelwisye alimrudishia fremu polepole, akaenda kwenye kabati lake, akarudi na boksi. Alizipanga spana zake mwishoni mwa safu, kubwa hadi ndogo. Hakupiga magoti. Alivua kofia na kumshukuru Mungu wake mwenyewe, kimyakimya, kwa miaka ishirini na sita na vidole kumi. Alipomaliza, Injinia alimpa pipi mbili badala ya moja na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Alikuwa ng'ombe gani?"

"Meneja."

Injinia alijua Meneja ni nani. Kiwanda kizima kilijua. "Nani alimchinja?"

"Mdogo wangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Mchana huo alifika nyumbani mapema, akamkuta Hellen ukumbini anamenya ndizi. Alimsimulia yote, simba, tembo, nyati, koti. Hellen alisikiliza bila kuacha kisu. Alipomaliza, mkewe aliinua ndizi moja iliyomenywa, akaiweka sinia.

"Mwaka ule wa msiba ilikuwa ng'ombe." Akaweka ya pili. "Mwaka uliofuata ukasema ng'ombe basi, ila ngozi, mbona hakukupa ngozi. Akakuletea ngozi." Ya tatu. "Mwaka jana ikawa ile migomba mitatu ya mpakani. Akakuachia." Ya nne. "Mwaka huu ni kadi. Kadi ya harusi imeandikwa jina lake juu ya lako. Sasa kadi, Baba Methusela! Baba wa bibi harusi ataandikwa wapi, nyuma?"

Anyelwisye alizitazama zile ndizi nne. "Sasa nani yumo ndani?"

"Mimi nitajuaje? Tumbo ni lako."

Alitoka akaenda kukata majani ya sungura. Jumatano nzima kiwandani alifanya kazi bila kuimba. Rodrick akamuuliza kama anaumwa, akasema hapana. Lakini alikuwa ameshaanza kumjua aliyekuwa ndani, na alitamani asingemjua.

Alhamisi alivaa koti lake la kwaya, wakashuka Masoko yeye na Hellen.

Boma la Ackson lilikuwa limefagiliwa hadi chini ya migomba. Mchungaji aliomba, akapelekwa sebuleni kwenye chai. Watu wazima wa ukoo wakakaa uani kwenye mikeka na viti, wapatao kumi na wanne. Shangazi Anyosisye, dada wa marehemu baba yao, mwanamke wa miaka themanini mwenye sauti ya mtu wa arobaini, alishika kikombe cha maji. Tulia alikaa karibu yake, khanga begani, macho chini. Ackson alikaa upande wa pili. Alikuwa amezeeka, Anyelwisye aliona. Nywele za pembeni zilikuwa nyeupe kuliko zake mwenyewe.

Wakaanza. Mama mmoja alisema alinyimwa sahani kwenye kipaimara, akapuliza. Binamu mmoja alitoa habari ndefu ya jogoo, watu wakacheka, naye akacheka, akapuliza. Kikombe kikafika kwa Anyelwisye.

Neno lilikuwa mdomoni, limelainika kwa kutumiwa. "Mimi sina..."

"Wewe usiniambie huna neno," alikatiza Shangazi. "Miaka minne huli kwenye nyumba hii. Mtu asiye na neno anakula."

Hakuna aliyecheka. Anyelwisye aliweka kikombe kwenye goti.

"Ninalo," alisema. "Ackson alimchinja Meneja bila kuniuliza."

Watu waliguna kidogo, kwa kuwa lilikuwa neno zito na walilijua. Ackson aliinamisha kichwa. Anyelwisye alingoja moyo utulie, kama mashine inavyotulia ukishatoa jiwe lililokwama. Haukutulia. Meneja alikuwa ametoka, na bado kitu kilikuwa kinasaga. Aliwatazama wote waliokaa pale, kila mmoja na alichokuja nacho, akaona kwamba peke yake asingeweza kukitoa.

"Shangazi, hilo siyo lenyewe," alisema. "Nivumilieni. Baba aliniita mara tatu. Alilala kitandani miezi mitatu, akaniita mara tatu. Mara ya kwanza nikasema majani ni mengi. Mara ya pili nikasema beringi imekufa. Ilikuwa imekufa kweli, lakini tuliibadilisha kesho yake. Mara ya tatu mashine zote zilikuwa nzima. Nilibaki kiwandani nafuta vumbi." Sauti ya besi ilimpasuka. "Nilikuwa nimemwona Krismasi, alivyokonda. Niliogopa kumwona tena. Ackson ndiye aliyemwogesha, Ackson ndiye aliyembeba. Siku naingia hapa nimechelewa kumzika, nikaona ngozi ile. Nikafurahi. Nilifurahi, Shangazi, kwa sababu nilipata mtu wa kumkasirikia ambaye siyo mimi."

Chai ilisikika ikimiminwa sebuleni. Hellen alikuwa amefunika mdomo kwa khanga. Ackson aliinua kichwa.

"Kaka, naomba niseme."

"Sema," alisema Shangazi.

"Siku ile uwanja ulijaa. Mimi nilitoa ng'ombe wangu, yule mwekundu, nikamchinja kwa jina langu. Wazee wakauliza, ng'ombe wa mtoto mkubwa yuko wapi? Mkubwa mwenyewe yuko wapi? Wengine walishaanza kunong'ona kwamba mzee amezikwa na mtoto mmoja. Nikaangalia huku na huku. Nilikuwa na kitu chako kimoja tu." Ackson alimgeukia kaka yake. "Nikamtoa Meneja. Nikasimama mbele ya watu wote nikatangaza: huyu ni wa Anyelwisye, anamzika baba yake. Wakanyamaza. Wakasema mtoto mkubwa amemzika baba. Ndivyo wanavyosema mpaka leo, waulize."

"Ni kweli," alisema binamu wa jogoo. "Mimi nilikuwepo."

Anyelwisye alimtazama mdogo wake kama mtu anayesoma barua kwa mara ya kwanza. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, kaka? Kukuambia hivyo ni kukuambia kwamba hukuwepo. Nikaona bora unichukie mimi."

Miaka minne. Ngozi aliletewa, migomba akaachiwa, na Ackson hakufungua mdomo hata mara moja kujitetea. Anyelwisye alitafuta la kusema kwa Kiswahili akalikosa. "Ndaga," alisema, "ndaga fijo," asante, asante sana, kwa lugha aliyosemeshwa na baba yake tangu akiwa mgongoni. Alirudia mara nyingi hadi Shangazi akamgusa goti.

"Maji, mwanangu. Kikombe hakijashikwa ili kipate joto."

Alikunywa funda, akajaribu kupuliza. Lakini kilio kilikuwa kimekaa njiani, maji yakamtiririka kidevuni hadi kwenye koti la kwaya.

"Hayo yamedondoka, hayajapulizwa," alisema Shangazi. "Rudia."

Sasa watu walicheka, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi kwa muda mrefu, na Ackson alicheka kuliko wote huku anafuta macho. Anyelwisye alirudia. Safari hii maji yalitoka kama ukungu wa asubuhi, yakatua kwenye vumbi na kwenye viatu vya mdogo wake. Ackson naye akapokea kikombe na kupuliza. Kisha Tulia akasogea kwa magoti hadi mbele ya baba mkubwa, na Anyelwisye akapuliza mara ya tatu, juu ya kichwa chake kilichoinama.

"Nenda," alimwambia. "Hakuna kinachokufuata kutoka kwangu. Nimetafuta, hakuna. Uzae, ucheke, na huyo mwalimu wako akikuonea, mimi nina spana."

"Baba mkubwa!" alisema Tulia, machozi na kicheko pamoja. "Mchungaji anasikia."

"Asikie."

Jumamosi Tulia alifunga ndoa Tukuyu, mvua ya kwanza ya vuli ikawakuta mlangoni mwa kanisa, na Anyelwisye akaimba besi hadi watu wa upande wa Nelson wakageuka kuangalia ni nani.

Jumatatu asubuhi, kabla ya king'ora, alibisha hodi ofisini kwa Injinia Gundappa akiwa na mkungu wa ndizi begani. Aliuweka kwenye kona, akavua kofia, na kumsimulia yaliyotokea Masoko kuanzia mwanzo. Hakuruka hata lile la kufuta vumbi. Injinia alisikiliza hadi mwisho, kalamu imesimama hewani.

"Sasa nimekuja kushukuru," alisema Anyelwisye.

"Mimi nimefanya nini, Fundi? Nimesimulia hadithi tu. Siyo hata yangu, ni ya bibi yangu."

"Basi bibi anaitwa nani?"

"Alikufa zamani. Nilikuwa shule ya msingi."

"Hata hivyo, Injinia. Leo jioni nyumbani tuna sala ya kushukuru kwa ajili ya harusi. Kwetu mtu hashukuriwi bila jina."

Injinia Gundappa aliweka kalamu chini. Ilikuwa imepita miaka mingi tangu mtu amuulize, na ilimbidi afikiri kidogo jinsi ya kulitamka ili mtu wa Kyimo alishike.

"Seetamma," alisema.

Anyelwisye alilirudia mara mbili, taratibu, hadi Injinia akatikisa kichwa kukubali. Kisha akatoa kipande cha karatasi ya grisi mfukoni, akaliandika kwa herufi kubwa asije akalikosea mbele za Mungu, akaenda kuwasha mashine.